Visiwa katika Makasha Matatu

Katika mji wa Moshi, na katika shule zilizotapakaa mlimani toka Machame hata Rombo, iko namna moja ya kueleza habari za Zanzibar ambayo imezoewa hata haionekani tena kuwa ni namna. Mwanafunzi huambiwa aandike habari za visiwa, naye huandika kwa vichwa vitatu: jiografia, watu, serikali. Katika kasha la kwanza hutia minazi, mikarafuu na mvua. Katika la pili hutia orodha ya makabila. Katika la tatu hutia majina ya vyeo. Kisha hufunga makasha yake, akapewa alama nzuri, akaenda zake.

Nathubutu kusema kwamba haya si maarifa. Ni urithi wa vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa na maofisa wa kikoloni kwa ajili ya maofisa wenzao, watu waliokuwa wakihamishwa toka koloni moja hata jingine, na waliotaka kujua kabla ya kushuka melini kuna joto la kadiri gani, kuna watu wa jinsi gani, na nani wa kuamkiwa kwanza. Mtu wa safari kama hiyo alikuwa na udhuru. Kijana wa Moshi hana udhuru huo, maana Zanzibar si bandari anayoipitia. Ni nusu ya mkataba uliozaa nchi yake.

Wako wenzangu wanaonijibu kwamba nchi ndogo haihitaji maneno mengi. Na tulitazame neno hilo "ndogo". Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 Zanzibar ilionekana kuwa na watu 1,889,773. Mkoa wa Kilimanjaro, katika hesabu ile ile, ulikuwa na watu 1,861,934. Ni kweli kwamba mkoa wetu una zaidi ya kilometa za mraba 13,000, na Unguja na Pemba kwa pamoja hazifiki 3,000. Basi udogo ni wa ardhi, wala si wa watu. Na sijapata kumwona mwenyeji wa mlima huu, mkulima wala msomi, aliyekubali kwamba habari za kwao zinatosha ukurasa mmoja. Mtu wa Kibosho atakuambia kwamba hata habari za Kibosho peke yake zinahitaji kitabu, naye atakuwa amesema kweli.

Lakini nina hoja kubwa zaidi juu ya udogo huo, nayo ni kwamba una tarehe. Mwaka 1885 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa jeshi la Sultani Barghash wa Unguja, alipanda na askari wake hata Moshi, na Mangi Rindi, yule ambaye vitabu vya Wazungu humwita Mandara, akaipokea bendera ya Sultani. Haukupita muda mrefu akafika Karl Jühlke na karatasi za Wajerumani, na Rindi akakubaliana naye pia. Sisemi haya ili kudai kwamba mlima huu ulipata kuwa mali ya Unguja. Rindi alikuwa mwanasiasa hodari, na kwake yeye bendera moja au mbili zilikuwa silaha za kuwatishia majirani zake mlimani kuliko kuwa minyororo ya shingo yake. Lakini ni nani katika wanafunzi wetu ajuaye kwamba habari hizi zilitendeka hapa, Moshi ya Kale, katika ardhi anayoikanyaga kila siku? Habari hizi hazimo katika kasha lolote: si jiografia ya Zanzibar, si watu wake, wala si serikali yake kama inavyofundishwa.

Mwaka uliofuata, 1886, Waingereza na Wajerumani walikubaliana, wakampimia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Mlima ukaangukia upande wa Mjerumani. Mwaka 1890 wakapatana tena: Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Uingereza, na pwani ya upande wetu ikauzwa kwa Wajerumani. Mafia, iliyokuwa katika milki ya Sultani kama Pemba ilivyokuwa, ikaenda pamoja na pwani hiyo, na ndiyo sababu mtoto wa Mafia leo ni mtu wa Mkoa wa Pwani. Ukanda wa kaskazini, wenye Mombasa, uliendelea kuhesabiwa kuwa wa Sultani hata mwaka 1963. Basi nchi ile ndogo ya kisiwani haikuumbwa ndogo na Mwenyezi Mungu. Ilikatwa kwa mkasi, na mkasi ulishikwa Ulaya. Atakayeianza habari ya Zanzibar kwa kutaja kilometa zake za mraba, na asiseme kilometa hizo zilikatwa lini na nani, amefundisha ramani ya mshonaji akadhani amefundisha nchi.

Hata jiografia yenyewe, ile ya mawe na udongo, haifundishwi kwa haki. Husemwa "kisiwa", ilhali visiwa ni vingi, na vikubwa viwili havifanani. Unguja imekaa juu ya bahari ya kina kifupi, na zama za barafu, bahari iliposhuka, ilikuwa imeungana na bara. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, nayo imekuwa peke yake kwa zama ndefu mno. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake na ina kima punju wake, na Pemba haikuwa na chui bali ina popo wake mkubwa asiyepatikana penginepo. Katika Unguja kwenyewe, upande wa magharibi una udongo wa kina unaopokea mikarafuu na michungwa, na upande wa mashariki ni maweni, nchi ya mawe ya matumbawe ambako mkulima hulima katika vishimo vya udongo katikati ya miamba. Mtu wa mlimani anayegombania kihamba na ndugu yake angeielewa tofauti hii mara moja kama angeambiwa, kwa sababu yeye anajua nini maana ya kupata au kukosa udongo mzuri: katika karne ya kumi na tisa mashamba ya karafuu yalienea upande wa magharibi, yakalimwa na watumwa kwa faida ya mabwana wao, na wenyeji wengi wa zamani wakabaki na maweni.

Na hiyo karafuu! Hakuna insha isiyosema kwamba "Zanzibar hulima karafuu". Mwaka 1872 tufani ilipiga Unguja ikaing'oa mikarafuu yake mingi, na Pemba ikasalimika. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu, na Unguja ikabaki kuwa soko, bandari na makao ya watawala. Upande mmoja ukazalisha na upande mwingine ukauza na kutawala. Manung'uniko ya Wapemba katika siasa za karne nzima iliyofuata hayawezi kuelezwa vizuri na mtu asiyeijua tufani hiyo. Lakini tufani imewekwa katika kasha la jiografia, kama imewekwa popote, na manung'uniko katika kasha la serikali, na ufunguo hatuna.

Tuje kwa watu. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, na msomaji atanivumilia. Mwanafunzi huandika: Wahadimu, Watumbatu, Wapemba, Washirazi, Waarabu, Wahindi, Wangazija, na watu waliotoka bara. Huandika kama mtu ahesabuye mitungi sebuleni. Haulizi nani aliyeyapanga majina hayo, wala kama wenye majina waliulizwa. Kati ya hesabu ya watu ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1931 idadi ya walioandikwa kuwa Waswahili katika Zanzibar ilipungua mno. Hawakufa kwa tauni, wala hawakuhama. Walijiandikisha kwa majina mengine, kwa sababu jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa na unyonge, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikigawa heshima kwa kufuata asili. Jina la mtu lilikuwa jibu lake kwa swali la serikali. Anayewaeleza watu kwanza na serikali baadaye, kana kwamba watu walikuwapo katika mafungu yao tayari na serikali ikaja kuwakuta, amegeuza mambo.

Sisi wa mlimani tungepaswa kuwa wa kwanza kulitambua jambo hili. Watu wa Machame, wa Kibosho, wa Kilema, wa Marangu, wa Useri walikuwa na wamangi wao, vita vyao na misemo yao. Na hata leo mzee wa Machame na mzee wa Rombo, kila mmoja akisema kwa lugha ya kwao, huenda wakalazimika kukimbilia Kiswahili ili wasikilizane. Utawala ndio uliowakusanya zaidi na zaidi katika daftari moja: umangi mdogo ukaunganishwa na mwingine, mwaka 1946 mlima ukagawanywa katika sehemu tatu za Hai, Vunjo na Rombo, kila moja chini ya mwitori wake, na mwaka 1952 Thomas Marealle akasimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote, cheo ambacho watu wenyewe walikiondoa kwa kura mwaka 1960. Hatuoni haya kuyaeleza haya kwa urefu tunapojieleza sisi. Kwa nini basi Mtumbatu atoshwe na neno moja baina ya mikato miwili?

Kasha la tatu ni jepesi kuliko yote, maana ndani yake mna vyeo tu. Rais wa Zanzibar, Makamu wa Kwanza, Makamu wa Pili, Baraza la Wawakilishi, mikoa mitano, shehia. Yote ni kweli, na yote ni bure kama hayakuulizwa "kwa nini". Kwa nini makamu wawili? Jibu halimo kisiwani katika mwaka mmoja. Limo katika uchaguzi wa Julai 1963, ambapo Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31; limo katika uhuru wa tarehe 10 Desemba mwaka huo na mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, siku thelathini na tatu baadaye; limo katika damu iliyomwagika katika siku zilizofuata mapinduzi, na katika damu iliyomwagika Januari 2001; limo katika muafaka, na katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambayo kwayo wananchi waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Cheo cha Makamu wa Kwanza wa Rais ni kovu. Mwanafunzi hupewa jina la kovu, asionyeshwe jeraha.

Na jibu jingine limo upande wetu. Mapatano ya Muungano ya Aprili 1964 yalikuwa na mambo kumi na moja; baadaye orodha ikafika ishirini na mbili. Mwaka 2008 ilizuka hoja kali Bungeni na nje ya Bunge, kama Zanzibar ni nchi au si nchi, na mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa ikaandika kwamba ni mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mtu aweza kuipenda ibara hiyo au kuichukia. Hawezi kuichukia kwa haki, wala kuipenda kwa haki, ikiwa ajuacho juu ya visiwa ni minazi na majina ya vyeo. Nimewasikia vijana wenye shahada wakisema katika mabishano kwamba Zanzibar ni "kama mkoa tu". Sishangai. Tuliwafundisha kuiandika kama mkoa.

Iko aibu moja ya mwisho, nayo yatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko walimu wa jiografia. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mbele ya Kimvita, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kuusimamia usanifu huo. Lugha tunayofundishia hapa mlimani, tunayosahihishia mitihani, ambayo kwayo naandika maneno haya, ilikatwa katika mwili wa kisiwa hicho tunachokiita kidogo. Tena ilikatwa vibaya: Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba viliachwa nje kama makapi. Kwa hiyo tumefika mahali ambapo mwalimu aliyezaliwa Kibosho, aliyejifunza Kiswahili darasani baada ya lugha ya mama yake, humkata alama mtoto wa Wete kwa neno ambalo babu zake wamelisema tangu kabla ya usanifu kuzaliwa. Mwalimu huyo hana ubaya. Ana kitabu tu, na kitabu hakikumwambia.

Najua nitajibiwa kwamba mtihani unataka vichwa vitatu, na kwamba saa za masomo ni chache. Mitihani hutungwa na watu, na baadhi yao wanasoma jarida hili. Kwa saa zile zile chache swali laweza kuulizwa kwa namna nyingine. Eleza kwa nini Pemba iliipita Unguja kwa karafuu baada ya mwaka 1872, na matokeo yake katika siasa. Eleza walikwenda wapi Waswahili wa mwaka 1924. Eleza kwa nini Mafia si sehemu ya Zanzibar. Kila swali katika hayo hupita katika makasha yote matatu bila ya kuyataja, na mwanafunzi hawezi kulijibu kwa kukariri. Nayo yangefaa kupelekwa Chukwani na Tunguu pia, yakajibiwa na wenyewe, tukasoma majibu yao kando ya yetu. Na walimu wa huko, wakipenda, na watutungie sisi swali juu ya Rindi na bendera zake mbili.