Mtoto wa miaka mitatu na tiketi ya Disney

Walt Disney World, bustani kubwa ya burudani iliyo karibu na Orlando, Florida, haimtozi kiingilio mtoto ambaye hajatimiza miaka 3. Akitimiza, analipiwa. Na wala halipiwi nusu bei: tiketi ya mtoto wa miaka 3 hadi 9 ni pungufu ya ile ya mkubwa kwa dola chache tu, na akifika miaka 10 anahesabiwa mkubwa kabisa. Ndiyo maana katika familia zetu zilizoko Marekani, za Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi, mjadala huu huanza mapema. Mtoto ana miaka miwili na nusu. Twende sasa hivi akiwa bado wa bure, au tungoje akue, ajue anachokiona?

Wanaopinga wana neno moja: hatakumbuka kitu, ni kuchoma pesa. Wanaounga mkono nao wana lao: utoto haurudi. Nimezisikia pande zote mbili vya kutosha, na kwa maoni yangu zote zinavutana juu ya kumbukumbu huku mambo mazito zaidi yakipita pembeni. Hata hivyo, kwa kuwa kumbukumbu ndiyo hutajwa kwanza, tuanzie hapo.

Bahati nzuri swali hili limechunguzwa, tena kwa watoto waliopelekwa Disney World yenyewe. Mwaka 1991 watafiti Hamond na Fivush walichapisha matokeo ya mahojiano na watoto waliofika huko wakiwa na umri wa miaka 3 au 4 hivi. Wengine waliulizwa miezi 6 baadaye, wengine miezi 18. Watoto walikuwa na mengi ya kusimulia, na wale wa miezi 18 hawakuwa wamesahau kuwazidi wenzao, ingawa waliokwenda wakiwa wakubwa kidogo walisimulia kwa undani zaidi. Kwa hiyo anayesema mtoto wa miaka minne hakumbuki kitu, anakosea. Ila naye anayejipongeza asiwahi kushangilia. Utafiti mwingine, wa Bauer na Larkina, uliwafuata watoto waliokuwa wamezungumzia matukio ya maisha yao wakiwa na miaka 3. Walioulizwa tena wakiwa na miaka 5 hadi 7 walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio hayo. Walioulizwa wakiwa na miaka 8 au 9 walikumbuka chini ya asilimia 40. Mtoto hubaki na safari yake miaka kadhaa, kisha inaanza kumtoka akiwa shule ya msingi.

Kuna na utafiti wa tatu ambao kila mzazi angepaswa kuusoma kabla ya kutoa kadi ya benki. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake waliwaonyesha watu wazima tangazo la kubuni la Disneyland, bustani dada iliyoko California, lenye picha ya yule sungura Bugs Bunny. Baadaye baadhi yao walisema waliwahi kukutana naye huko walipokuwa wadogo. Haiwezekani: Bugs Bunny ni mali ya Warner Bros., washindani wa Disney. Kumbe hata hiyo kumbukumbu ya thamani tunayodhani tunamnunulia mtoto, tangazo zuri linaweza kuipachika bila nauli.

Mimi hoja ya "hatakumbuka" siikubali, japo inaelekea upande ninaoupenda. Hakuna kati yetu anayekumbuka alivyobebwa mgongoni, na hakuna mama aliyeacha kumbeba mwanawe kwa sababu hiyo. Lakini kinachomjenga mtoto bila kukumbukwa ni kile anachokipata kila siku, si siku tatu za Florida. Tuiweke kumbukumbu kando, basi, tuulize huyu mtoto atapata nini pale pale, saa ile ile, kwa bei ile.

Hapo futi ya kupimia urefu ina majibu kuliko wanasaikolojia. Kwenye foleni za vyombo vya kasi kuna kipimo na mfanyakazi aliyesimama kando yake, na hana mjadala. Treni ya Seven Dwarfs inataka sentimita 97, urefu ambao watoto wengi huufikia baada ya kutimiza miaka mitatu. Space Mountain inataka 112, yaani miaka mitano na nusu hivi. Tron inataka 122, huo ni umri wa miaka saba. Kwa hiyo mtoto wa miaka 3 au 4 analipiwa karibu sawa na baba yake, halafu anazuiwa kwenye vingi kati ya vyombo vile vile ambavyo vimeipandisha bei ya tiketi. Utaratibu wa kupokezana upo: mzazi mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Mwisho wa siku kila mmoja ametumia muda mwingi akimsubiri mwenzake kando ya kigari cha mtoto.

Haki itendeke. Magic Kingdom, bustani ya kwanza kati ya nne zilizomo Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, ina michezo mingi isiyouliza urefu. Tembo Dumbo, mashua za It's a Small World, merikebu ya Peter Pan inayoelea juu ya London usiku: vyote hivi mtoto wa miaka miwili anapanda akiwa amepakatwa. Ni kazi ya mafundi waliobobea. Usione vyaelea, vimeundwa. Bustani nyingine tatu, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, haziko wazi kwa wadogo kiasi hicho. Mwenye mtoto mdogo akinunua tiketi ya siku nne ili ahisi amefaidi, na mpangilio wa bei humvuta afanye hivyo kwa sababu kadiri unavyoongeza siku ndivyo bei ya kila siku inavyoshuka, ananunua siku moja ya mtoto na siku tatu za uchovu.

Uchovu huo si maneno matupu. Likizo ndefu ya shule Marekani ni Juni hadi Agosti, na Orlando ya Julai ni joto la Dar es Salaam ya Februari, nyuzi 33 au zaidi, jasho halikauki, na alasiri radi zinapiga, michezo ya nje inasimamishwa. Saa nane mchana, muda ambao nyumbani mtoto angekuwa amelala, utawaona watoto wamejaa kwenye barabara kuu ya Magic Kingdom: mmoja amelala shingo imepinda kwenye kigari, mwingine analia amekaa chini kwa sababu puto si la rangi aliyoitaka, na baba, fulana imemganda mgongoni, anaangalia simu kuona foleni ipi imepungua. Mtoto hana kosa. Ameamshwa saa kumi na moja alfajiri ili thamani ya tiketi isipotee.

Na tiketi yenyewe? Ya siku moja huanzia kama dola 119 siku zilizopoa, ikapanda hadi kama 200 Magic Kingdom msimu wa Krismasi. Tukikadiria dola 150, watu wanne ni 600 kwa siku moja, bila hoteli, bila petroli, bila chakula. (Chakula unaruhusiwa kuingia nacho, ilimradi hakuna chupa za glasi wala pombe, na vibanda vingi vya chakula hutoa maji ya baridi bure ukiomba. Chapati za kukunja zimeokoa familia nyingi.) Lililobadilika zaidi ni foleni. Kuanzia 1999 kulikuwa na utaratibu wa bure wa kujiwekea zamu. Mwaka 2021 ukaondolewa, ukaja wa kulipia. Mwaka 2024 ikaongezwa pasi ya juu kabisa, ambayo siku za msongamano inafika dola 449 kwa mtu mmoja, juu ya tiketi. Kwa maneno mengine, bustani inakuuzia kiingilio, kisha inakuuzia na muda wako mwenyewe. Mzazi mwenye mtoto asiyeweza kusimama foleni dakika 70 ndiye mteja wa kwanza wa biashara hiyo.

Wengi hawana fedha hizo mkononi, wanakopa. Kampuni ya LendingTree iliwahoji Wamarekani mwaka 2024, na kati ya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 18 waliokuwa wamekwenda Disney, asilimia 45 walisema safari iliwaacha na deni. Kukopa harusi, kulipa matanga. Deni la kadi ya mkopo kwa riba ya asilimia 20 na zaidi litakuwa bado linalipwa mtoto ameshasahau rangi ya puto.

Ya upande wa pili ninayoikubali ni moja, na ni nzito. Mtoto wa miaka minne au mitano akikutana na panya Minnie wa Disney, amekutana na Minnie. Hajui kuna mtu ndani. Atamsimulia habari za shuleni kwake, atamwonyesha kidonda cha goti. Akifika miaka tisa anatafuta zipu mgongoni. Mlango huo ukifungwa haufunguki, na anayesema "mngoje akue" amwambie mzazi ukweli kwamba atakachokipata baadaye ni mabembea makali, si huu usadikifu. Kwa hiyo umri una ncha mbili, na katikati yake, miaka mitano hadi saba, mtoto bado anaamini, anatembea kwa miguu yake, na kipimo cha sentimita 112 kinaanza kumruhusu.

Lakini tukiri jambo ambalo wazazi husita kulisema: safari hii mara nyingi ni ya mzazi. Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa amekaa benchi huko Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizungushwa kwenye farasi wa mbao, naye hana la kufanya. Akataka mahali pa wakubwa na watoto kwa pamoja. Mzazi aliyekulia Temeke au Eastleigh, akaitazama The Lion King ya 1994 kwenye mkanda wa video wa jirani, ana haki ya kuitamani Disney. Hakuna aibu. Aibu ni kumtwisha mtoto wa miaka mitatu tamaa yetu, kisha kumkaripia kwamba hashukuru.

Na kwa msomaji wa Kiswahili kuna kituko cha ziada ndani ya Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa mwaka 1998. Humo wamejenga mji wa bandari wa Afrika Mashariki, wa kubuni, wakauita Harambe. Wasanifu wake walikuja Afrika Mashariki kuangalia, na Lamu ni mojawapo ya miji waliyoiiga. Kuta zimechubuliwa rangi kwa makusudi zionekane za kale. Kuna maandishi ya Kiswahili na kumbukumbu ya uhuru wa mji huo, 1961, mwaka ule ule wa Tanganyika. Kutoka hapo unapanda lori la Kilimanjaro Safaris, kama dakika 20, ukapita twiga na tembo wa kweli kando ya mibuyu ya zege. Hoteli ya jirani ina mikahawa inayoitwa Boma, Jiko na Sanaa. Kazi wameifanya kwa bidii na kwa heshima kuliko nilivyotarajia, na twiga wanaonekana vizuri. Ila mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa Ohio akiiona Lamu ya zege kabla ya kuiona ya mawe, ile ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 na ambako bado kuna watu wanaoamka na kwenda sokoni, kuna mpangilio uliokosewa mahali.

Hapa ndipo hesabu ya umri inapogeuka. Ndege nyingi za kimataifa humtoza mtoto wa chini ya miaka 2 anayepakatwa karibu asilimia 10 ya nauli. Kama kweli tunatafuta kufaidi umri wa bure, faida hiyo ipo kwenye safari ya Dar, Mombasa au Bujumbura, na huko si lazima mtoto akumbuke, kwa sababu bibi atakumbuka. Mtoto wa miezi kumi hana habari na Minnie wala na bibi yake. Tofauti ni kwamba Minnie hatazeeka. Najua nauli ya familia ya kwenda nyumbani inaizidi safari ya gari kwenda Orlando, tena kwa mbali, na wapo ambao karatasi zao haziwaruhusu kutoka Marekani wakarudi. Hao siwahukumu. Nawazungumzia wanaosema kila mwaka kwamba nauli ya nyumbani ni kubwa mno, huku fedha ya Florida ikipatikana.

Shauri langu kwa mzazi mwenye watoto wadogo ni hili. Kwa mkopo, usiende kabisa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, usiende eti kwa sababu ni bure. Wewe na mwenzako si bure. Kama nyumbani hamjafika tangu mtoto azaliwe na njia ipo, anzeni huko. Na kama fedha ipo taslimu na hamu imewashika, subirini mdogo afike miaka mitano, nendeni Januari au Septemba joto na umati vikipungua kidogo, nunueni siku moja tu ya Magic Kingdom, na saa nane mchana mrudisheni mtoto hotelini akalale.