Msifagie Kwanza

Mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya homa za watoto wakati wa masika. Hilo tumeona lingoje kidogo, maana tumetoka Karema na moyo haujatulia.

Tulikwenda akina mama kumi na mmoja kwa gari la kukodi, tukiwa na mafagio, majembe na mapanga, kufanya usafi kuzunguka kuta za zamani za misheni. Wengi wenu mnakijua kisa cha mahali pale. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold II walijenga boma kando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe. Boma la bunduki likawa mahali pa sala. Sisi wauguzi tunapaenzi kwa sababu nyingine tena: hapo ndipo alipofanya kazi Adriano Atiman. Mtoto huyu aliibwa kwao karibu na mto Niger, akauzwa ng'ambo ya jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre, akapelekwa Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alikuwa Karema, na pale akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Na sisi tunaolalamikia zamu ya usiku.

Basi tulipoinua tu mafagio, kijana wa mama mmoja wetu, aliyesomea akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatuzuia.

"Shikamooni mama zangu. Samahani, msifagie kwanza."

Tulicheka. Mwanamume kumkataza mwanamke kufagia, hiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuisikia. Yeye akapigilia vigingi vinne chini, akazungusha kamba, akapata mraba wa mita moja. Akatuambia hatutachimba hata kidogo, kwa kuwa kuchimba mambo ya kale bila kibali cha serikali ni kosa. Tutatazama juu ya ardhi tu, na kila tutakachokiona tutakipima kutoka kwenye kigingi, tutakichora daftarini, kisha tutakiacha palepale.

Saa nzima kwa mita moja! Magoti yalituuma kuliko siku ya kupalilia. Tuliona msumari wenye kutu, kigae cha chungu, ushanga mmoja wa buluu na shingo ya chupa nene. Tukasema kwa furaha kwamba hiyo ni chupa ya dawa, bila shaka ya Atiman mwenyewe. Kijana akatikisa kichwa. "Mama, wewe humpi mgonjwa dawa kabla ya kumpima." Tukanyamaza.

Mchana, tukila ugali na migebuka, alitusimulia habari za Beta Samati, kaskazini mwa Ethiopia. Kilikuwa kilima tu karibu na Yeha, lakini wenyeji walijua kina jambo, nao ndio waliowaelekeza watafiti. Walichimba kuanzia mwaka 2011 hadi 2016, wakakuta kuta za kanisa la karne ya 4. Walipata pete ya dhahabu na kidani cha jiwe chenye msalaba. Lakini kilichotushangaza ni mkaa. Kipande cha mkaa kikikutwa mahali pake, wataalamu hukipima maabara, nacho hutaja umri wa ukuta ulio kando yake. Kikishafagiliwa, ni uchafu kama uchafu mwingine.

Alitueleza na sheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo hulindwa Waziri anapoyatangaza. Hesabuni wenyewe: boma la Karema lilichelewa miaka 16. Na vipi kanisa la kwanza la kijijini kwenu, lile la udongo ambalo bibi zenu walibatiziwa?

Hapo ndipo tulipokosa hamu ya chakula. Tulipokuwa wageni kazini, katika zahanati moja, tuliambiwa tusafishe stoo kabla ya wakaguzi kufika. Tulikuta rejista tatu za wazazi, pembeni zimeliwa na mchwa, majina ya akina mama na uzito wa watoto vikiwa bado vinasomeka. Tukazichoma pamoja na takataka. Miaka michache baadaye akaja mama anatafuta tarehe aliyozaliwa binti yake, apate kumwombea cheti. Tulimwambia vitabu vya zamani havipo. Hatukumwambia nani aliyewasha kiberiti. Tumekaa na jambo hili miaka mingi, na leo tunaliandika.

Wakati wa kurudi, garini, mama mkubwa kuliko sote alikuwa kimya. Tulipokaribia mjini akasema kuna sanduku la bati la marehemu mume wake, aliyekuwa katekista, liko chini ya kitanda. Alipanga kuchoma karatasi zake Jumamosi, maana mende wamezidi.

Tulimwomba dereva apitie kwake. Saa mbili usiku sanduku lilikuwa katikati ya sebule, na hakuna aliyelifungua mpaka wajukuu walipoleta taa, daftari na kalamu.