Mahabusu Si Mfungwa

Lugha yetu ina majina matatu ambayo sisi tumeyafanya kuwa moja. Anayeshukiwa na polisi ni mtuhumiwa. Aliyeshitakiwa, akawekwa ndani kungoja hukumu, ni mahabusu. Aliyehukumiwa kifungo ni mfungwa. Lakini hapa Rumonge mtu akishapelekwa kasho asubuhi, jioni mwaloni husemwa "amefungwa", na kila asikiaye huelewa "ni mwizi". Kosa hili nalisahihisha kila mwaka katika madaftari ya wanafunzi. Leo nalisahihisha kwetu sisi wazima, kwa sababu linakula maisha ya watu.

Sheria ya Burundi ya mwenendo wa kesi za jinai, iliyorekebishwa mwaka 2018, haikuchanganya majina hayo. Kabla ya mashitaka, polisi wanaweza kumshikilia mtu siku 7. Mwendesha mashitaka akiongeza muda, jumla isizidi siku 14. Akishashitakiwa na hati ya kumkamata ikatolewa, sharti afikishwe mbele ya jaji ndani ya siku 15. Jaji akiamua abaki ndani, amri hiyo hudumu siku 30, na kuiongeza kunahitaji uamuzi mpya, mwezi kwa mwezi. Juu ya yote, sheria yenyewe inatamka kwamba uhuru ndio kanuni na kizuizi ni hali ya pekee.

Je, tunayoyaona ndiyo hayo? Magereza yote ya nchi yalijengwa kwa watu wapatao 4,200, nayo kwa miaka mingi yamebeba maradufu na zaidi, na sehemu kubwa ya waliomo hawajahukumiwa. Gereza la Gitega lilijengwa kwa watu 400; lilipowaka moto Desemba 2021 lilikuwa na zaidi ya 1,500, na serikali ikatangaza vifo 38. Mwaka huohuo Rais alitoa msamaha kwa wafungwa zaidi ya 5,000. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini tazama kinyume chake: msamaha wa Rais humpata aliyehukumiwa. Yule ambaye sheria bado inamwita asiye na hatia, huyo hana cha kusamehewa, basi anabaki!

Chukulia mvuvi wa Minago anayeshukiwa kuiba nyavu. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi mmoja mahabusu ni giza zima lililopotea, na madeni ya mafuta na ya mtumbwi hayasubiri hukumu. Akitangazwa hana kosa, nani atamrudishia giza lake?

Utaniuliza: "Mwalimu, unataka wezi waachiliwe?" La hasha. Sheria inaruhusu kumzuia mtu anayeweza kutoroka, kuharibu ushahidi au kuwatisha mashahidi. Ninachodai ni kwamba sababu itajwe na jaji aipime. Pasipo sababu, apewe uhuru wa muda: aripoti siku alizopangiwa, asivuke mipaka aliyowekewa, au aweke dhamana. Hata aliyeibiwa hafaidiki na mahabusu aliyesahauliwa, maana kesi isiyosikilizwa haimrejeshei nyavu zake.

Na neno dhamana nalo tulisafishe. Dhamana ni fedha inayowekwa kwa amri, kwa stakabadhi, nayo hurudishwa mshitakiwa akiitikia kila wito. Fedha inayotolewa gizani, bila karatasi, ili mlango ufunguliwe, jina lake ni rushwa. Kila tunapoitoa tukisema "tumemlipia dhamana", tunamfundisha mpokeaji kumshika mwingine kesho.

Basi, ndugu yako akikamatwa, mpelekee chakula, lakini peleka na kalenda. Andika siku aliyoshikwa. Uliza tarehe ya hati. Hesabu 14, hesabu 15, hesabu 30. Siku ikipita, omba uhuru wa muda kwa maandishi, bila matusi na bila kupiga magoti. Na mwaloni wakisema "amefungwa", wajibu kwa Kiswahili fasaha: hajafungwa, anangoja kusikilizwa.