BOKSI LA KIRIKUU: USICHOMELEE, TENGENEZA LA KUSHUSHA

Wauzaji wenzangu wa Moshi, Desemba ndiyo hiyo inakuja. Watu wa Marangu, Machame, Kibosho na Rombo wanarudi nyumbani, na oda zinatakiwa zifike mlangoni. Naona wengi wanakimbilia kwa fundi kuchomelea boksi la chuma kwenye Kirikuu. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Ya kwanza ni uzito. Suzuki Carry nyingi zinazotoka Japani, zile za cc 660, zimetengenezwa kubeba kilo 350 tu. Na boksi lenyewe ni mzigo! Tuseme la chuma lina kilo 150. Zimebaki 200, yaani mifuko 8 ya mchele ya kilo 25. Ukitumia fremu ya alumini na plaiwudi, tuseme kilo 60, unapakia mifuko 11. Mifuko 3 zaidi kila safari. Ukichomelea chuma, hiyo faida umeiacha kwa fundi.

Fundi atakwambia, "Bosi, gari linabeba tu." Sawa, linabeba kwenye lami ya mjini. Huku juu ni kupanda mwanzo mwisho, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Kushuka ndiyo hatari zaidi: breki ndogo, mzigo mkubwa, barabara ya udongo imelowa mvua za vuli. Hapo ni roho yako, siyo oda tena.

Sababu ya pili ni Januari. Wageni wameondoka, oda zimepungua, ada za shule zinakusubiri. Boksi lililochomelewa linakufunga mikono. La kushusha unaliacha nyumbani limesimama kwenye miguu yake minne, gari linaenda kubeba ndizi au mabua ya ng'ombe kutoka tambarare. Watalii wenye pikapu wanafanya hivyo hivyo na vibanda vyao vya kulala: wanashusha kibanda kambini, wanazunguka na gari jepesi.

Kuna atakayesema la kushusha litachomoka kwenye kona. Litachomoka ukilifunga kwa kamba. Funga kwa boliti pembe zote nne, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, maana mtikisiko unazilegeza.

Kabla hujamlipa fundi hela ya mwisho:

✅ Pima boksi likiwa tupu kwenye mizani. Usikubali makadirio ya macho.
✅ Lisiwe refu sana kwenda juu, litayumba kwenye kona. Mizigo mizito iwe chini, karibu na kabini.
✅ Mlango uwe na mpira wa kuzuia maji na vumbi. Mteja akipokea gauni lina vumbi jekundu, atalirudisha, na nauli ni juu yako.
✅ Jaribu kulishusha na kulipandisha mbele ya fundi, mkiwa watu wawili. Likihitaji watu sita, hilo siyo la kushusha.

Na kama oda zako ni vifurushi vitano kwa siku, achana na boksi kabisa. Bodaboda inakutosha, hela ongeza mzigo wa dukani.

Boksi lako lina kilo ngapi? Andika kwenye komenti. Kama hujui, kesho lipeleke kwenye mizani kwanza.