Gavana Aliyejibu Berlin Peke Yake

Wapambanaji, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, Liemba, mnajua jina lake la kwanza? Iliitwa Graf von Götzen. "Graf" ni cheo cha kimwinyi cha Wajerumani. Hukigombei, hukisomei, unazaliwa nacho tu. Na huyo Götzen ndiye aliyekuwa gavana wa nchi hii kuanzia 1901 hadi 1906. Shuleni tulikariri jina lake, tukajibu mtihani, tukasahau. Leo tumrudie, maana maisha yake yana somo la uongozi kuliko semina nyingi tunazohudhuria.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa 1866 kwenye kasri la ukoo wake huko Silesia, eneo ambalo leo liko Poland. Alisoma sheria (ndiyo, wanasheria wenzangu, inauma) kisha akaingia jeshini. Desemba 1893 aliondoka Pangani na msafara wa wapagazi, akapita Rwanda na kuonana na Mwami Rwabugiri, na mwishoni mwa 1894 akatokea upande wa Atlantiki kupitia Kongo. Baadaye akawa mwambata wa jeshi Washington. Halafu Kaisari Wilhelm II akamkabidhi Tanganyika, Rwanda na Burundi. Alikuwa na miaka 34.

Sasa jiulize: aliyempa kazi ni nani? Kaisari. Wa kumfukuza? Kaisari. Mmatumbi aliyelima chini ya utawala wake alikuwa na sauti gani juu yake? Hana.

Na mfumo ulishuka hivyohivyo hadi kijijini. Chini ya gavana kulikuwa na mkuu wa boma, chini yake akida, halafu jumbe. Maakida wengi waliletwa kutoka pwani kwenda kutawala watu wasio wao. Kila mmoja alimtazama bosi wa juu yake, hakuna aliyetazama chini. Kwa hiyo Götzen alipoanzisha mashamba ya pamba ya lazima mwaka 1902, taarifa zilizopanda juu zilikuwa za pamba. Za viboko, za mashamba ya watu kukosa palizi, za malipo kiduchu, hizo nani angezipeleka? Akida alipimwa kwa pamba, hakupimwa kwa machozi.

Julai 1905 watu wa Matumbi wakang'oa pamba. Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro mapema Agosti, lakini moto uliendelea kusambaa kusini. Jibu la serikali ya Götzen likawa njaa: vijiji vikachomwa, mazao yakateketezwa, maghala yakaporwa. Februari 1906 pale Songea walinyongwa mashujaa zaidi ya 60. Wajerumani wenyewe walitaja vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Adhabu ya gavana ilikuwa nini? Hakuna. Aliondoka 1906, akaandika kitabu kuhusu vita vile, akapewa kazi ya kuiwakilisha Prussia huko Hamburg, akafa 1910. Halafu wakaipa meli jina lake. Hakuna mahakama iliyomuuliza hata swali moja.

Cha ajabu, maswali yaliulizwa Berlin. Wabunge kama August Bebel na Matthias Erzberger walikuwa wakianika kashfa za makoloni bungeni. Desemba 1906 Bunge likakataa fedha za vita vya Namibia, na serikali ikalivunja. Yaani hata kule, mpinzani aliyeuliza sana alionekana kero. Lakini angalau Mjerumani alikuwa na mbunge wa kumuulizia. Mngoni hakuwa na mtu.

Sasa tuje kwetu. Sisemi kila mkuu wa mkoa ni Götzen, hapana. Wapo wachapakazi, na hakuna anayechoma maghala ya watu. Mimi naongelea muundo. Ibara ya 61 ya Katiba yetu inasema mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa yeye na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Mwananchi anayelazwa ndani hakumchagua na hawezi kumwondoa. Akida naye hakuchaguliwa.

Watasema anayeteuliwa akikosea anatenguliwa. Sawa, lakini kutengua ni hiari ya aliyemteua, si haki ya aliyeumizwa. Na mara ngapi tumeona mtu anatenguliwa asubuhi, kesho kutwa anaibukia mkoa mwingine? Hamburg yetu tunayo pia.

Ndiyo maana tukidai Katiba mpya tusiishie kwenye tume ya uchaguzi tu. Tudai anayetuongoza mkoani na wilayani tumchague, tumhoji, tumuondoe. Na wakati tunasubiri, isomeni hiyo sheria ya 1997. Haimruhusu kukamata kwa hasira. Inamtaka aandike sababu. Ndugu yako akiwekwa ndani, usiende kituoni kulia tu. Uliza sababu iliyoandikwa iko wapi, na hesabu saa.

Babu zetu hawakuwa na karatasi ya kumuuliza gavana. Sisi tunayo. Tuitumie.