Fito za Kinyala: dawa mpya ingoje masika ipite

BAADA ya wiki nyingi za kuandika juu ya bei za viazi, ndizi na chai, ukurasa huu leo unahamia kwenye bidhaa isiyo na bodi wala mnada: ufito wa kuvulia samaki. Sababu ni kwamba ipo fedha ya watu inayotaka kuingizwa humo, na Sh. 150,000 katika fedha hiyo ni zangu.

Fundi mwenyewe yuko Kinyala, wilayani Rungwe. Alianza na viti na matenga ya mianzi, kisha akageukia fito za kuagizwa. Mteja anataja urefu anaoutaka, samaki anayemkusudia na aina ya mpini, naye anamtengenezea. Tusidanganyane kuhusu ukubwa wa soko hili. Wavuvi wa Ziwa Nyasa kule Itungi na Matema wanategemea nyavu, na kijana anayevua mtoni kwa ndoana hukata mwanzi wake mwenyewe bila kumlipa mtu. Wanunuzi ni wenye mabwawa ya perege wanaokaribisha wageni, watumishi wa mjini Mbeya wanaovua kwa burudani mwisho wa wiki, na watalii wachache wanaoteremka Matema. Ni soko dogo, lakini mnunuzi wake hagombani sana juu ya bei kama yule wa viazi. Hugombana juu ya ubora, na ubora machoni pake huanzia kwenye mng'ao.

Kwa miaka yote fundi alitumia vanishi ya kawaida ya maseremala. Hupaka tabaka jembamba, husubiri siku nzima, hupiga msasa laini, kisha hurudia mara nne au tano. Ufito mmoja humchukua karibu wiki. Mwaka jana alileta kutoka Dar es Salaam epoksi ya makopo mawili, moja la utomvu na jingine la dawa ya kugandisha, ambayo huchanganywa nusu kwa nusu. Tabaka moja au mawili hutosha kufunika uzi unaoshikilia pete za kupitishia mshipi, na ufito hutoka kama umevikwa kioo. Siku nilipouona wa kwanza nilitoa fedha bila kuuliza swali hata moja, jambo ambalo mtu aliyesomea biashara hapaswi kulikiri gazetini.

Swali lenyewe lilikuwa rahisi: katika fito ishirini, ngapi zitauzika?

Ukanda wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Novemba na Mei, na mvua zikipungua huja ukungu na baridi ya Juni na Julai. Epoksi haipatani na hali hiyo. Baridi huchelewesha kuganda kwake. Unyevu wa hewa huweza kuacha juu yake utando wa mafuta au weupe kama wa maziwa. Kipimo kikikosewa, hubaki inanata, na hata ukingoja mwezi haitaganda. Tena haipakwi na kuachwa. Lazima ufito uzungushwe polepole kwa saa kadhaa, ama sivyo dawa huteremka na kufanya uvimbe upande wa chini. Fundi wetu amefunga mota ndogo kwa kazi hiyo. Umeme ukikatika, yeye na mwanawe huketi wakigeuza fito kwa mkono hadi usiku wa manane.

Vanishi nayo huchelewa kukauka masika, hilo halina ubishi. Tofauti ni kwamba kosa lake hurekebishika kwa msasa na tabaka jingine. Epoksi iliyoharibika hukwanguliwa yote, uzi hukatwa na pete hufungwa upya, yaani kazi inaanza mwanzo.

Nimepitia daftari la fundi na kuzirahisisha tarakimu zake ili msomaji azifuate. Zichukuliwe kama mfano, si bei ya soko. Ufito wa vanishi unagharimu Sh. 19,500 na kuuzwa Sh. 30,000. Wa epoksi unagharimu Sh. 23,000 na kuuzwa Sh. 38,000. Faida ya ufito mmoja ni Sh. 10,500 kwa vanishi na Sh. 15,000 kwa epoksi, na hapo ndipo tuliochanga wengi tulipofunga daftari.

Tulifunga mapema. Katika fito 20 za vanishi, tuseme umeharibika mmoja. Zile 19 zinaleta Sh. 570,000, ukitoa gharama za zote 20, ambazo ni Sh. 390,000, inabaki Sh. 180,000. Katika fito 20 za epoksi, zikiharibika tano, zile 15 zinaleta Sh. 570,000 zile zile. Gharama, hata hivyo, ni Sh. 460,000, kwa hiyo kinachobaki ni Sh. 110,000. Zikiharibika nne bado vanishi iko mbele. Zikiharibika tatu epoksi inapita kwa Sh. 6,000 tu, na ukiharibika mmoja faida inaruka hadi Sh. 262,000. Biashara yote, pamoja na fedha yangu, iko kati ya ufito wa tatu na ule wa nne.

Fundi anailaumu mvua. Mimi naushuku mwanzi. Mwanzi uliokatwa kabla ya kukomaa, yaani kabla ya miaka mitatu hivi, au uliokaushwa haraka haraka, bado una maji ndani. Ukiufunika kwa dawa isiyopitisha kitu, maji hayo hutafuta njia ya kutokea, na kwa kawaida huipata penye pingili na chini ya uzi. Hapo tabaka huinuka na kupasuka. Bungua naye hapendi chochote kuliko mwanzi wenye wanga mwingi uliokatwa wakati usiofaa, na mng'ao wa juu haumtoi yule aliyekwisha kuingia. Kinachomzuia ni kuuloweka mwanzi katika maji ya boraksi na asidi ya boriki mapema, kabla ya kufikiria kuupaka chochote.

Ipo njia ya kujua nani mkweli kati yetu. Kila siku ya kupaka, mchanganyiko ule ule upakwe pia kwenye kipande cha kioo na kuwekwa kando ya fito. Kioo hakina maji ndani. Kikiingia weupe au kikanata, kosa ni la hewa au la kipimo. Kikibaki safi huku ufito ukipasuka, kosa ni la mwanzi. Gharama yake ni tone moja la dawa.

Nilipomweleza hayo, mzee alicheka. "Kijana wangu," alisema, "mnunuzi hanunui daftari. Ananunua kile kinachong'aa." Ana haki kwa sehemu, kwa kuwa yeye ndiye anayetazamana na wateja. Lakini mnunuzi huyo huyo ndiye atakayeurudisha ufito Machi ukiwa umebabuka, na katika soko la watu wachache wanaojuana, ufito mmoja uliorudishwa hupita kila bwawa kabla ya mwisho wa mwezi.

Wenzetu wa nje walikwisha kuona kwamba biashara hii huanguka kwa malighafi. Fito bora za mianzi za Uingereza na Marekani zilitengenezwa kwa mwanzi wa Guangdong, China, uliojulikana sokoni kwa jina la Tonkin. Marekani ilipozuia biashara na China mwaka 1950, watengenezaji wake walibaki na akiba ya ghalani tu, na wengi wakahamia kwenye nyuzi za kioo. Vanishi zao zilikuwa nzuri sana, ila hazikuwa na kitu cha kupakwa. Hapa kwetu, mianzi ya Mlima Rungwe imo ndani ya hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 2009, kwa hiyo anayetaka biashara ya kudumu atategemea mianzi iliyopandwa mashambani.

Sasa wapo wafanyabiashara wawili wa Mbeya walio tayari kulipa nusu ya bei ya fito 100, kwa sharti kwamba zote ziwe za epoksi na zikabidhiwe kabla ya Pasaka, yaani katikati ya mvua. Wenzangu tuliochanga wanataka fedha hiyo ipokelewe na katoni zima la makopo liagizwe. Mimi nimepinga. Nimependekeza tuwape fito za vanishi kwa bei ya vanishi, wakikataa tuwaache, na fedha tuliyonayo ijenge banda la kukaushia mianzi lenye paa zuri na upepo wa kutosha. Kura ilikuwa watatu kwa wawili, na nilishindwa kuhusu banda, ila agizo la katoni limesimamishwa.

Fito kumi za majaribio, tano za vanishi na tano za epoksi, zilipakwa Novemba na kutundikwa barazani kwa fundi, kila moja na kipande chake cha kioo. Nitapanda Kinyala mwisho wa Mei kuzihesabu, na hesabu hiyo itachapwa hapa, iwe imenipendeza au haikunipendeza.