Msafiri wa Feza Kidogo Asiwe Mnyakuzi



Juma lililopita, nyuma ya chakula cha usiku, mabishano yalianza katika internat. Mwalimu wa jiografia alikuwa ametufundisha juu ya visiwa vya Ufilipino, na mmoja wetu akasema: « Mimi nikipata diplome, nitatembea dunia peke yangu, na feza kidogo tu. » Wengine wakacheka. Mwingine akamjibu: « Feza kidogo? Basi utakula jasho la wenyeji. » Pale kicheko kikaisha. Mimi nilinyamaza, lakini neno lile lilinifuata mpaka kitandani. Leo nataka kulijibu, na nitalijibu kwa mfano wa mji mmoja wa kweli: Dumaguete.

Dumaguete ni mji mkuu wa jimbo la Negros Oriental. Si mji mkubwa sana: hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 134 103. Mbele yake ni bahari, nyuma yake ni milima. Wenyeji wanasema Kisebuano, na wengi wanajua Kiingereza pia. Wanauita mji wao mji wa watu wapole. Lakini jina lenyewe, wanasema, linatoka kwa neno dagit, maana yake kunyakua, sawasawa mwewe anavyonyakua kifaranga. Juu ya nini? Sababu zamani wavamizi walitoka baharini na mashua zao, wakanyakua watu na kuwapeleka utumwani. Sisi pia, wazee wetu walitusimulia habari za namna ile, hatuhitaji kufundishwa sana. Karibu na kanisa kuu la Wakatoliki kungali mnara wa mawe wa zamani. Kengele yake ilionya watu: adui anakuja, kimbieni. Leo watu wanawasha mishumaa chini yake na kuomba.

Shikeni neno lile la kunyakua, nitalirudilia.

Sasa tumfuate kijana wetu wa feza kidogo. Anatoka Cebu, hapandi ndege. Anapanda bisi ya watu wote mpaka Liloan, kule Santander, kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Cebu. Hapo anavuka maji kwa mashua kubwa, safari isiyofika saa moja, na anashuka Sibulan, jirani kabisa na Dumaguete. Kutoka pale anapanda jeepney, motokari ile ndefu yenye mabenchi mawili ambapo abiria wanatazamana. Ukiketi mbali na shofere, unampa jirani feza yako, naye anampa mwingine, inapita mkono kwa mkono mpaka kwa shofere. Kinachobaki kinarudi njia ileile, na hakuna anayekiweka mfukoni mwake. Ukitaka kushuka unasema « lugar lang ». Somo la kwanza la safari amelipata, na hakulipa mwalimu.

Katika mji anatembea kwa miguu. Sehemu ya katikati ni tambarare. Anaona soko, kanisa, ule mnara, kisha barabara ya kando ya bahari yenye jina la José Rizal. Huyu Rizal ni shujaa wa Ufilipino, munganga wa macho na mwandishi wa vitabu. Waspania walimfungia Dapitan miaka minne. Mwaka 1896, mwezi wa nane, meli iliyomchukua kutoka kule ilisimama Dumaguete. Wanaoandika maisha yake wanasema alishuka kusalimia rafiki, na tena alimpasua jicho kapiteni mmoja wa askari wa Spania aliyekuwa mgonjwa. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka uleule, Waspania walimpiga risasi Manila. Angalieni vizuri: mtu aliyekuwa hana kitu, tena chini ya ulinzi, alipita katika mji muda mfupi na akaacha kitu nyuma yake. Na alikipa kwa mtu wa upande wa watesi wake.

Halafu kijana wetu anaingia chini ya miti mikubwa ya akasia katika uwanja wa Silliman. Hapa sisi wanafunzi wa shule ya misheni tufungue masikio. Masomo haya yalianzishwa na wamisionere Wapresbiteri kutoka Marekani tarehe 28 mwezi wa 8 mwaka 1901. Mfanyabiashara mmoja mzee wa jimbo la New York, Horace Silliman, alitoa dola 10 000. Bwana David Hibbard na bibi yake Laura walianza na vijana 15 tu. Mwaka 1938 masomo yakawa université. Ufilipino ni inchi ya Wakatoliki wengi sana, Waprotestanti ni wachache, lakini mti ule mdogo umezaa. Kuutazama kwa macho hakuombi utajiri.

Asubuhi anakula ku soko. Kuko sehemu wanayoita painitan, wamama wanauza sikwate, ni kakao nzito ya moto, pamoja na puto maya, ni mchele wa kunata uliopikwa na tui la nazi. Wanauza pia budbud, imefungwa katika jani la ndizi. Mtu wa kwetu akiiona atafikiri ni chikwange. Kijana anaketi kwenye benchi moja na wachukuzi wa mizigo. Anakula vizuri kupita yule aliyebaki otele, na analipa kidogo.

Basi, mpaka hapa nani amekula jasho la nani? Hakuna. Feza aliyookoa imetoka kwa miguu yake iliyochoka, kwa kitanda chake kigumu, kwa tumbo lake lililokubali chakula cha watu wote. Hii ndiyo bei ndogo ya haki.

Lakini sasa jua ni kali, na kijana anataka kupanda pedicab. Katika mji huu pedicab ni pikipiki yenye kibanda ubavuni, inabeba watu wengi kwa mara moja. Bei yake inawekwa na baraza la mji, si shofere anayejitungia. Tena shofere wengi katika inchi ile hawana chombo chao wenyewe. Kila siku wanapeleka kwa mwenye chombo feza iliyopatanwa, wao wanaiita boundary. Sisi tunaijua, ni versement tu! Shofere anatoa versement, anatoa feza ya essence, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Siku ya mvua, kinaweza kubaki kidogo sana, lakini versement haijui mvua.

Kijana anasimama mbele ya mutu kama huyu, anaanza kubishana: « Punguza, mimi ni msafiri masikini. » Anabishana mpaka shofere anachoka na kukubali. Jioni anaandika katika kitabu chake: leo nimeokoa feza. Hapana, ndugu! Hukuokoa kitu. Umenyakua. Mwenye chombo hakupoteza, muuza essence hakupoteza. Ile feza ndogo imetoka kwenye sahani ya mtoto usiyemjua. Wavamizi wa zamani walikuja na mashua na silaha. Wewe umekuja na mfuko mgongoni na tabasamu.

Tena masikini yupi? Mtu aliyeweza kulipa tike ya kuvuka bahari kwa kutembea tu, hata kama amechoka na ana vumbi, si masikini mbele ya shofere yule. Umasikini wake ni wa mwezi mmoja, ameuchagua mwenyewe, na atarudi nyumbani.

Najua mtanijibu: « Lakini mashofere nao wanadanganya wageni! » Ni kweli, wako wa namna ile, huko kama hapa. Kukataa bei ya uongo si zambi. Dawa yake ni kuuliza mbele ya kupanda. Uliza mama wa duka, uliza mwanafunzi, uliza watu wawili, si mmoja. Ukisikia bei ya kweli, ilipe yote, bila manunguniko. Ukiona ni nyingi, miguu uko nayo. Mtu anayetembea peke yake ana faida hii: hana guide wa kumsemea, basi analazimishwa kusalimia watu. Na mtu ukiisha kumsalimia vizuri, ni vigumu kumnyakua.

Mfano wa mwisho ni kisiwa cha Apo. Anayekwenda huko anashuka kwanza Malatapay, kusini ya Dumaguete, penye soko kubwa la nyama na mifugo kila mercredi, na anavuka na mashua. Katika miaka ya 1970 wavuvi wa Apo waliona samaki wanapunguka. Bwana Angel Alcala, mwalimu wa elimu ya viumbe kule Silliman, pamoja na wenzake, alizungumza nao kwa uvumilivu. Mwaka 1982 wenyeji walikubali kuacha sehemu moja ya maji yao bila kuvua, na mwaka 1985 mambo yakawekwa katika sheria ya mahali. Samaki wakaongezeka, wakatoka mpaka nje ya sehemu ile. Tufani kubwa za mwaka 2011 na 2012 ziliharibu vibaya matumbawe ya pale, lakini wenyeji hawakuacha ulinzi. Mgeni akitaka kuogelea analipa ada, nayo inasaidia kulinda mahali.

Sasa fikirini mgeni anayejivuna kwamba alizunguka upande mwingine, akaona samaki bure. Wavuvi walifunga njaa yao ili samaki wakue. Yeye anakuja kuona matunda ya njaa ile na anaficha feza mfukoni. Jina lake nani? Nimekwisha kulisema.

Kwa hiyo namjibu ndugu wa kwanza: nenda! Feza kidogo si kizuizi. Lala mahali pasipo na mapambo, kula ku benchi, panda motokari ya watu wote, tembea mpaka viatu vilie. Na ndugu wa pili namjibu: umesema kweli nusu. Anayekula jasho la wenyeji si mwenye feza kidogo, ni mwenye moyo mdogo, hata kama mfuko wake umejaa.

Na tusingoje diplome ili kujipima. Siku ya posho tunashuka sokoni, tunabishana na mama wa mandazi mpaka anatupa moja bure, tunarudi tunacheka njiani. Mimi pia nimefanya vile, siwezi kujificha. Yule mama ameamka usiku kukanda unga, na kuni amezinunua. Kabla ya kujiuliza tutakuwa wasafiri wa namna gani Dumaguete, tujiulize tuko wageni wa namna gani katika soko hili la karibu.

Hayo ni mawazo yangu. Mwenye mengine aandike, nafasi iko katika gazeti lijalo.

Mwanafunzi wa darasa la tano